Jiwe Kwenye Rampu

Kila Ijumaa ya likizo ya Agosti, jogoo wa jirani akiwa bado hajamaliza kuwika, Mong'ina alitoka nyumbani akiwa amebeba jiwe.

Msicheke. Halikuwa jiwe la kurushia mbwa. Lilikuwa jiwe jeupe, kubwa kiasi cha papai, la aina ile wanayochongea vinyago kule Tabaka, na kazi yake ilikuwa kushika nafasi. Katika soko la Riamokua, kando ya barabara ya kutoka Nyamira kwenda Keroka, sheria ya jiwe haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua: ukiweka jiwe lako mahali kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mahali hapo ni pako mpaka jioni. Hakuna aliyegusa jiwe la mwenzake. Hata walevi waliyaruka.

Mong'ina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu na mwepesi wa maneno. Mama yake, Nyaboke, aliuza ndizi. Ijumaa ndiyo siku yao kubwa, maana watu wa Sabato kama wao hawauzi wala hawanunui Jumamosi, basi kila mtu hujitayarisha mapema. Kwa miaka mingi Nyaboke alikuwa akiuza langoni, kwenye tope, mvua yake, jua lake, na pikipiki zikimrushia maji machafu. Mong'ina alimwonea mama yake huruma. Ndipo akapata wazo, na wazo lenyewe, kwa kweli, lilikuwa zuri kwa mama yake tu.

Jengo jipya la soko lilikuwa limechimbiwa kwenye mteremko wa kilima. Juu, usawa wa barabara, kulikuwa na meza za mboga na vyoo. Chini kulikuwa na maduka ya nguo na viatu. Aliyetaka kushuka chini alipitia ngazi tisa upande mmoja, au alipitia rampu upande wa pili. Rampu ilikuwa njia ya saruji isiyo na ngazi, yenye paa la mabati, iliyoteremka polepole. Juu kabisa, sakafuni, ilichorwa kwa rangi ya buluu picha ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu.

Rampu ilikuwa kavu, ilikuwa safi, na wateja walipenda kupita hapo. Mong'ina akaweka jiwe lake juu yake. Kisha akatandika gunia juu ya ile picha ya buluu, akalinyoosha vizuri pembe zote nne.

"Kwani hapa tunaruhusiwa?" Nyaboke aliuliza alipofika na mikungu yake siku ile ya kwanza.

"Ndiyo, Mama. Nilimuuliza Bwana Ochoki. Alisema hakuna shida."

Bwana Ochoki alikuwa msimamizi wa soko. Mong'ina hakuwa amemuuliza chochote. Neno lilimtoka tu, na likiisha kutoka halirudi. Tangu siku hiyo, kila Bwana Ochoki alipopita na kitabu chake kwapani, moyo wa Mong'ina uliruka kama panya aliyesikia paka. Lakini Bwana Ochoki alinunua ndizi mbivu, akamenya moja, akaenda zake.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye rampu ilikuwa yake hasa. Huyo ni Istarlin, binti wa Gulled, muuza viatu wa duka la mwisho kule chini. Istarlin alikuwa rika moja na Mong'ina. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni, naye alitumia kiti cha magurudumu. Alijua bei ya kila kiatu, na alipiga chenga kwa maneno kuliko mchuuzi yeyote wa Riamokua. Baba yake alizaliwa Nyamira na yeye alizaliwa Nyamira, lakini bado kulikuwa na watu waliowaita "wale wageni."

Gulled alitafuta nyumba ya chini mji mzima, akachoka. Mwenye nyumba mmoja alimwambia kwa simu kwamba chumba kipo, lakini alipomwona uso kwa uso na kofia yake ya kuswalia, chumba kikawa kimechukuliwa. Mwishowe walipata vyumba ghorofa ya pili, ngazi ishirini na nane. Kila asubuhi Gulled alimbeba binti yake mgongoni kumshusha, na kila jioni akambeba kumpandisha. Siku duka lilipofungwa, Istarlin alishinda dirishani akitazama vichwa vya watu. Kwa hiyo sokoni hapakuwa duka tu kwake. Ndipo palipokuwa ua wake, njia yake na marafiki zake.

Ijumaa ya kwanza ya rampu, Nyaboke akiwa ameondoka kidogo, Istarlin alipanda mpaka kwenye mikungu akasimamisha kiti.

"Mong'ina, naomba njia. Nataka kwenda chooni."

Mong'ina alikuwa na wateja watatu. Akasonya. "Ngoja kwanza. Unaona jinsi nilivyobanwa."

Istarlin alingoja. Alingoja sana. Mong'ina alipomaliza na kusogeza mikungu, uso wa mwenzake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu na aibu. Tangu siku hiyo Istarlin hakuomba njia tena. Alipita asubuhi kabla ndizi hazijapangwa, na jioni zikishaondolewa. Wiki moja baadaye Mong'ina alimpelekea kikombe cha chai, nacho kikarudi kimejaa.

"Siku hizi Ijumaa sinywi kitu," Istarlin alisema kwa sauti ndogo. "Nikinywa, nitahitaji kupita."

Maneno hayo yalimchoma Mong'ina. Alijua lililompasa kufanya. Lakini kuondoa jiwe kungemfanya mama aulize kwa nini, na akiuliza kwa nini, uongo wote ungetoka. Basi akaogopa, akanyamaza. Mficha maradhi, wazee wanasema, kifo humuumbua.

Ijumaa ya tatu ya Agosti, mawingu yalianza kujikusanya upande wa vilima vya Manga tangu saa sita. Gulled alikuwa amepanda pikipiki kwenda kuswali mjini Nyamira. Nyaboke alikuwa ameenda kununua unga na mafuta ya Sabato.

"Usiziache hizi ndizi," alimwambia binti yake. "Na mtu asiziguse. Nikirudi nizikute kama zilivyo."

Saa nane kasorobo mvua ikaja. Ee Nyasae, Mungu wetu, ilikuja namna gani! Kwanza upepo, halafu giza, halafu mvua ya mawe iliyopiga mabati kwa kishindo cha kutisha. Watu wa juu walikimbilia madukani ng'ambo ya barabara. Watu wa chini walipanda ngazi mbiombio, wengine wakiwa wamejifunika vichwa kwa mabeseni, na hakuna aliyekumbuka duka la mwisho. Radi ikapiga karibu, taa zote za soko zikazimika.

Mong'ina alibaki peke yake juu ya rampu, amejikunyata kati ya mikungu, meno yakigongana. Akatazama mtaro ulio nyuma ya jengo. Mtaro haukupitisha maji. Ulikuwa umejaa majani makavu ya migomba, yale yale wanayofungia ndizi. Wauzaji wote waliyatupa humo, na asubuhi ile yeye mwenyewe alifagia yake akayasukuma ndani kwa mguu. Sasa maji mekundu yalifurika, yakageuka, yakaanza kuteremka kwenye ngazi tisa kuelekea chini.

Ndipo aliposikia jina lake.

"Mong'ina!"

Sauti ilitoka gizani, chini ya rampu. Mong'ina akachungulia. Istarlin alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi wa chini, akisukuma magurudumu kwa mikono miwili, na maji yalikuwa yamefika kwenye vibao vya kukanyagia. Viatu vilielea kumzunguka. Ngazi zilikuwa zimegeuka maporomoko. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, na njia hiyo ilikuwa imejaa ndizi tangu juu mpaka katikati.

"Mong'ina, maji yanapanda! Nifungulie!"

Unadhani aliruka palepale? Nisikudanganye. Mong'ina aliitazama mikungu. Mtu asiziguse, mama alisema. Nje hapakuwa na mahali pa kuiweka ila matopeni, kwenye mawe ya barafu. Alisikia fimbo ya mama mgongoni kabla haijachumwa. Akainua mkungu mmoja, akaurudisha chini. Akatazama barabarani kama mama anakuja. Hakuna aliyekuja.

"Mong'ina."

Mara ya tatu Istarlin hakupiga kelele. Alitamka jina tu, kama mtu asiyetarajia jibu. Maji yalikuwa yamefika magotini pake, na kiti kilianza kuyumba.

Sauti hiyo ilimtoa Mong'ina mahali alipoganda. Akanyakua mkungu wa kwanza akautupa nje kwenye tope. Wa pili. Wa tatu. Mikungu ilimteleza mikononi kwa utomvu, mawe ya mvua yalimpiga kichwani kila alipotoka kwenye paa. "Nakuja!" alipiga kelele. "Nakuja, shika ukuta!" Mikungu mingine ilibiringika yenyewe hadi majini. Alipofika katikati aliteleza akaanguka kwa goti, akainuka, akaendelea.

Alifika kwenye kiti, akashika mikono ya kiti, akavuta. Kiti hakikusogea. Saruji ilikuwa imelowa na utomvu na maganda yaliyopondeka, na miguu yake ilirudi nyuma kila alipojaribu. Akapiga ukelele mmoja mrefu, usio na maneno.

Bahati ilikuwa yao. Bosire, kijana wa mkokoteni, alikuwa amejibanza ukutani nje ya rampu. Alisikia, akaingia mbio.

"Wewe vuta mbele, mimi nisukume! Haya, moja, mbili!"

Walipanda hatua kwa hatua. Mara mbili kiti kiliwaponyoka kikarudi nyuma, na mara zote mbili Istarlin alifumba macho. Walipofika juu, alikuwa akitetemeka mwili mzima. Mong'ina alitaka kumkumbatia, lakini mikono yake ilijaa utomvu mweusi, akaishia kusimama tu.

Gulled alirudi kanzu ikiwa imemgandama mwilini. Alimpapasa binti yake kichwa, mabega na mikono, kana kwamba anahakikisha hakuna kilichopungua. Kisha akamgeukia Mong'ina, machozi yakimtoka waziwazi.

"Mungu akulipe, mwanangu. Mungu akulipe."

Mong'ina alishindwa kumtazama. Nyaboke naye alipofika na kuona mikungu matopeni, hakushika fimbo. Alimvuta binti yake kifuani. Laiti angempiga, Mong'ina aliwaza, ingekuwa nafuu.

Kesho yake kanisani mambo yakazidi. Mwalimu wa shule ya Sabato alimwita mbele, watoto wote wakampigia makofi. "Simulia, Mong'ina, ulivyomwokoa mwenzako." Akasimulia kuhusu maji, giza, na jinsi alivyovuta. Hakusema ni nani aliyeziba njia. Waliposimama kuimba, kinywa chake kilifunguka lakini sauti haikutoka. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alihisi amekwisha kufika mwisho wake.

Jumatatu Bwana Ochoki aliita mkutano wa wachuuzi kule chini, sakafu ikiwa bado ina matope. Watu walisimama wamejaa. Istarlin alikuwa kando ya baba yake, mikono juu ya magurudumu.

"Tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa," Bwana Ochoki alianza. "Lakini yaliyotokea yasirudie. Wengi mmenijia, mkasema, na mimi nimekubali: soko si mahali pa mtoto wa hali hii. Baba Istarlin, kwa usalama wake, tunaomba asiletwe tena."

"Kweli," mwanamke mmoja muuza vitunguu aliitikia. "Akae nyumbani apumzike."

Gulled alisema kwa sauti ya chini. "Nyumbani ni ghorofa ya pili. Nikimwacha huko asubuhi, atatazama ukuta mpaka jioni. Mimi mnaniita mgeni, nimezoea. Lakini huyu mtoto mnataka nimpeleke wapi?"

Istarlin hakulia. Aliinamisha kichwa, akaanza kugeuza kiti chake polepole kuelekea dukani, kana kwamba uamuzi umeshapita.

Mong'ina alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alijua kwamba akinyamaza dakika moja zaidi, mkutano utakwisha, naye ataendelea kuitwa shujaa, na Istarlin atafungiwa juu ya ngazi ishirini na nane. Alitazama mgongo wa mama yake. Alimwogopa mama kuliko radi. Lakini kuliona lile kosa likimlipisha mwingine kulimwogopesha zaidi.

"Si yeye!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Watu wakageuka. "Si Istarlin aliyeleta hatari. Rampu iko, angepanda mwenyewe. Mimi ndiye niliyeiziba. Jiwe ni langu. Gunia juu ya picha ni langu. Nilimdanganya Mama kwamba Bwana Ochoki ameturuhusu. Na... na aliponiita nilingoja. Aliniita mara tatu. Nilikuwa naogopea ndizi."

Mong'ina alifumba macho akingoja.

"Mimi sikumruhusu mtu yeyote!" Bwana Ochoki alisema haraka.

"Hukuniruhusu, Bwana Ochoki," Nyaboke alijibu taratibu, "lakini kila Ijumaa ulisimama pale pale juu ya gunia, ukala ndizi zangu, ukaenda."

Watu wakacheka, kisha wakaacha. Bwana Ochoki akakitazama kitabu chake kana kwamba kuna jambo jipya limeandikwa humo.

Nyaboke alimgeukia binti yake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umenidanganya, na hilo tutalizungumza nyumbani, usidhani nimesahau. Kila Ijumaa iliyobaki ya likizo utasafisha ule mtaro wote, si upande wetu peke yake." Kisha akawageukia watu. "Lakini kosa si la mtoto pekee. Mimi nilimuuliza mara moja tu kama tunaruhusiwa, nikaridhika, kwa sababu jibu lilinipendeza. Ningeinua gunia ningeiona ile picha. Sikutaka kuinua. Sote tulitupa majani mtaroni, sote tulipita kwenye rampu tukaona ndizi, hatukumwona mtu asiyepita. Halafu leo tunamwambia yeye ndiye aondoke! Wanangu, mnaosikiliza, lishikeni hili: ukishaziba njia ya mwenzako, usiseme mwenzako hajui kutembea. Na ukikosea, sema mapema. Ukweli uliochelewa nusura utugharimu mtoto."

"Asiondoke," Bosire alisema kutoka mlangoni. "Zitoke ndizi." Muuza vitunguu naye akakohoa, akasema, "Zitoke," na wengine wakaitikia mpaka Bwana Ochoki akainua mkono kukubali.

Mkutano ulipovunjika, Mong'ina alimfuata Istarlin dukani. Alisimama mlangoni. "Nisamehe," alisema.

Istarlin alikuwa akianika viatu vilivyolowa. Hakuinua macho. "Mara ya tatu nilidhani umeshaondoka," alisema. Kisha akamtupia Mong'ina kitambaa. "Futa hivyo vya kushoto. Vizuri, si kama unavyofuta ubao shuleni."

Ijumaa iliyofuata, alfajiri, Mong'ina na mama yake walikwenda sokoni pamoja. Ndizi zilirudi langoni, kwenye tope, chini ya turubai ambalo Bosire alisaidia kulifunga. Jiwe jeupe Nyaboke alilibeba mwenyewe. Alilipeleka hadi juu ya rampu, akaliweka pembeni, karibu kabisa na ukuta, kando ya ile picha ya buluu iliyosuguliwa ikang'aa.

"Si tumeondoka hapa, Mama?" Mong'ina aliuliza.

"Sisi tumeondoka. Jiwe hili sasa linamshikia nafasi Istarlin. Na Riamokua hakuna mtu anayegusa jiwe la mwenzake."

Asubuhi hiyo wachuuzi wawili walikuja na mizigo yao, wakaliona jiwe, wakatafuta mahali pengine. Saa nne Mong'ina alitoka mtaroni, akanawa mikono, akamshushia Istarlin kikombe cha chai. Akasimama kumtazama, roho mkononi.

Istarlin alikinywa chote mpaka majani ya chai yakaonekana chini. Kisha akamnyooshea kikombe.

"Niongezee," alisema.